Anna: jina fupi lililotoka mbali

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya jina Anna. Bibi yangu mzaa baba aliitwa hivyo, kwa hiyo nayajibu kwa moyo wote.

Natarajia mtoto wa kike. Bibi yangu wa Marangu hataki Anna, anasema ni jina la Wazungu. Kweli? (Mama mtarajiwa, Majengo, Moshi)

Mwambie bibi, kwa heshima zote, kwamba Wazungu nao walilipokea. Ni jina la Kiebrania, Hana, maana yake neema. Katika Samweli wa Kwanza, Hana mke wa Elkana analilia mtoto hekaluni, midomo inacheza bila sauti, hadi kuhani Eli anadhani amelewa. Akampata Samweli, akamtoa kwa Mungu, na kila mwaka akawa anamshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Hiyo kanzu hunigusa kila nikiisoma: lazima kila mwaka alikisia mtoto ameongezeka kimo kiasi gani.

Lilipopita kwenye Kigiriki, ile h ya kooni ikapotea. Ndiyo maana Biblia yetu ina Hana katika Agano la Kale na Ana, nabii mjane, katika Luka 2. Huku mlimani Kilimanjaro lilipanda na wamisionari miaka ya 1890, Wakatoliki Kilema na Walutheri wa Leipzig Machame. Kisha desturi yetu Wachagga ikalishika: binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Anna mmoja aliyebatizwa zamani huzaa Anna wengi. Bibi akiwahesabu waliozikwa kihambani, shamba la ukoo, huenda akakuta jina hilo limeshakuwa la ukoo. Mpe na jina la Kichagga pia, Manka, yote mawili yanamtosha.

Ana au Anna? (Karani, Arusha)

Anna. Kwa Kiswahili "ana" ni kitenzi, na "Ana ana homa" inamchosha msomaji. Ukishachagua, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vifanane.

Binti yangu mkubwa ni Neema. Mdogo wake nikimwita Anna, si nitakuwa nimerudia? (Baba, Ngaramtoni)

Kwa maana, umerudia, na ni marudio mazuri. Hata ukipata wa kiume ukamwita Yohana bado umo humohumo: mzizi ni mmoja, na Yohana ni "Mungu amefadhili".

Sisi Waislamu tuna Hana. Ni hilohilo? (Msomaji, Ngarenaro)

Mara nyingi ni Hanaa la Kiarabu, lenye maana ya raha na furaha, na mzizi wake ni mwingine. Lakini mama yake Maryam, mke wa Imrani, mapokeo ya Kiislamu humwita Hanna. Qur'ani inasimulia nadhiri yake katika Aal Imran, aya ya 35, bila kumtaja jina.

Mtakatifu Anna anatuhusu Walutheri? (Mzee wa kanisa, Machame)

Anawahusu kuliko mnavyodhani, mzee wangu. Ndiye mama wa Mariamu aliyemzaa Yesu, na Biblia haimtaji. Jina lake limetoka katika maandishi ya karne ya 2 yaliyobaki nje ya Biblia, na Wakatoliki humkumbuka Julai 26. Lakini mwaka 1505, Martin Luther, kijana mwanafunzi, alikumbwa na radi njiani akapaza sauti kumwita Mtakatifu Anna na kuahidi kuwa mtawa. Kwa nini Anna? Ni msimamizi wa wachimba madini, na baba yake Luther alikuwa mtu wa machimbo ya shaba. Ndugu zetu wanaoshuka mashimoni Mererani wana mama wa kumwita.

Nitajie Anna wa hapa nchini. (Mwanafunzi, Moshi)

Anna Mghwira, mwanamke pekee kati ya wagombea urais wa 2015, baadaye mkuu wa mkoa wetu wa Kilimanjaro. Na Anna Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, 2010 hadi 2015. Hana wa zamani midomo ilicheza sauti isisikike. Anna huyu ndiye aliyekuwa akiwapa wengine ruhusa ya kusema.