Baba fundi wa vita: andikeni kazi yake

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mtoto wa askari wa Vita vya Pili vya Dunia aandike nini juu ya baba yake, ikiwa mzee hakupenda kusimulia vita? Wale ambao baba zao walikuwa mafundi wa magari nawaambia waandike kazi yake. Mzee aliyenyamaza kuhusu mapigano huenda alieleza mara mia namna ya kuvusha lori mtoni, na vita vyake vimo humo humo.

Kwanza tafuteni kikosi chake. Mitaani wote waliitwa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), lakini tazameni begani kwenye picha ya zamani. EAASC ni usafirishaji na ugavi. EAEME ni mafundi wa magari na mitambo. Medali haitoshi, maana Nyota ya Burma, medali ya waliopigana Burma (Myanmar ya leo), Uingereza iliitoa bila kuchonga jina wala namba ya askari. Namba itafuteni kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, na muinakili pamoja na herufi zinazoitangulia. Cheti kipigeni picha karibu na dirisha, bila flashi. Tafadhali msikitie plastiki ya moto: karatasi kuukuu huharibika, na plastiki ile haibanduki tena.

Ikiwa alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, basi mwaka 1944 alishuka bonde la Kabaw huko Burma, kutoka Tamu hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, katika mvua za monsuni. Tope lilimeza magurudumu hadi ekseli. Pabaya zaidi palilazwa magogo kukingama njia. Gari likapita, lakini springi zikavunjika.

Mtoni kazi ilianza kabla ya maji. Mkanda wa feni hutolewa, kwa sababu feni ikigusa maji huyarusha kwenye distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) na plagi zenyewe, moto ukakatika na injini ikazima katikati ya mto. Nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta hupakwa grisi. Dereva huingia na gia ndogo, mwendo mmoja, bila kugusa klachi. Akiachia pedali ya mafuta, maji hurudi ndani kwa egzosi. Ng'ambo mkanda hurudishwa haraka kabla rejeta haijachemka, na breki hukanyagwa kidogo kidogo gari likitembea mpaka zikauke.

Halafu inabaki kazi anayoiruka fundi mvivu: kulala chini ya gari na kufungua nati ya kumwagia oili ya difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Ikiachwa hivyo, beringi hupata kutu na gia husagika. Humwagwa yote, ikawekwa mpya, na giaboksi nayo ikakaguliwa. Kama baba yenu aliwagombeza vijana wa gereji kwa kutokagua difu baada ya mafuriko, andikeni maneno yake kama alivyoyasema.

Vijana hao ndio wa kuulizwa, kuliko hata ndugu wa damu. Muulizeni mmoja aonyeshe kwa mikono, na mrekodi mikono yake, siyo uso tu.

Na sanduku la spana lisigawanywe kabla halijapigwa picha. Zisomeni moja moja. Spana ya Kiingereza ya zamani, yenye W au BS, huandikwa kipimo cha bolti, kwa hiyo mdomo wake ni mpana kuliko namba inayosomeka. Ya Kimarekani huandikwa upana wa mdomo wenyewe, kama 7/16 au 9/16. Zikiwa nyingi za aina ya kwanza, mikono yake ilizoea Bedford. Zikiwa nyingi za pili, Chevrolet na Ford. Zile zilizolika mdomo zaidi ndizo alizozitumia kila siku, basi ziandikeni za kwanza.