Cheti cha kupuliza na kufukiza: jibu kwa mwenye duka la pembejeo Tabora

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Una duka la pembejeo hapa Tabora mjini na wateja wanakuomba uwapulizie kunguni na uwafukizie mahindi, je, cheti ni lazima au ni njia ya watu kula hela? Pili, wewe unayeuza tu dukani unasomea nini? Tatu, mdogo wako anaweza kwenda kazini kwa cheti chako? Waliotangulia wamekujibu kwa mkato: nunua bomba, anza. Mimi kazi hii ndiyo inayonilisha. Nimepuliza gesti na mabweni, nimefukiza maghala ya mahindi na mpunga hapa mjini, Nzega na Urambo, na kwa jibu la namna hiyo siwezi kunyamaza.

Ni lazima. Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 ndiyo iliyounda TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha, ambayo ilichukua kazi za iliyokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Kuingiza viuatilifu nchini, kuviuza, na kufanya biashara ya kupuliza au kufukiza, vyote vinahitaji kibali, na dawa yenyewe iwe imesajiliwa. Ukitaka kuanza, nenda ofisi za mamlaka hiyo au muulize afisa kilimo wa manispaa akuelekeze mafunzo yatafanyika lini na wapi. Habari ya sheria naiacha hapo, kwa sababu hata ingefutwa kesho bado ningekwambia usiguse vidonge vya kufukizia, vile vinavyotoa gesi ya kuua wadudu wa nafaka, kabla hujafundishwa.

Naanza na vidonge, kwa kuwa ndivyo vinavyoulizwa zaidi Tabora. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, aligundulika kwa mara ya kwanza barani Afrika mkoani kwetu hapahapa, Urambo, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alitokea Amerika ya Kati na Mexico, na wazee wetu wakampa jina la Skania, lile lori kubwa, kwa jinsi alivyokuwa akisaga mahindi. Kaya zilizozoea kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi zilikuta unga kabla ya masika. Woga ule haujaisha. Mkulima wa Kaliua au Sikonge akiona vumbi jeupe chini ya gunia anataka dawa kali, na kali kuliko zote anazosikia ni kidonge cha fosfini.

Kidonge cha kawaida kina gramu 3. Kikikutana na unyevu wa hewani hutoa gramu 1 ya gesi. Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 22.5. Gramu moja ikitawanyika humo unapata miligramu kama 44 katika kila mita ya ujazo, sawa na sehemu 32 hivi kwa milioni. Kikomo cha kazini kinachotumika Marekani kwa mtu anayeshinda na gesi hiyo saa 8 ni sehemu 0.3 kwa milioni. Ikifika sehemu 50 inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa hiyo kidonge kimoja tu ndani ya chumba kilichofungwa kinavuka kikomo mara mia, na viwili vinaingia kwenye eneo la kuua. Hesabu hii niliifanya kwa kalamu darasani, na tangu siku hiyo sijawahi kumuuzia wala kumgawia mtu kidonge cha mkononi. Watu wanaovitumia nyumbani hawatumbukizi kimoja. Wanaweka viwili vitatu kwa kila gunia, na magunia yamepangwa chumbani wanakolala watoto.

Gesi hiyo haina dawa ya kuipoza mwilini. Hospitali watakusaidia kupumua na kushikilia moyo na presha, basi. Harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza ambayo watu wanaitegemea inatokana na uchafu uliomo kwenye dawa, kwa hiyo usipoisikia haimaanishi uko salama. Tena dalili zake ni kichwa, kichefuchefu, kutapika na kifua kubana. Mkoa kama wetu, mtu mwenye dalili hizo nani hatasema ni malaria? Na maziwa ambayo kila jirani hukimbilia kumnywesha mgonjwa hayaondoi gesi iliyoingia kwenye mapafu. Mtoe nje kwenye hewa, mwahishe hospitali, na ubebe kopo au pakiti ya dawa ili daktari aone ni nini.

Jambo la pili ambalo bila mafunzo hulioni ni jengo. Angalia fremu zetu za biashara zilivyojengwa. Ukuta wa kati unaishia usawa wa dari, juu paa ni moja kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Unafukiza mpunga kwenye fremu namba mbili, umefunga mlango vizuri na kubandika alama ya fuvu, kumbe gesi inapita juu ya dari na kumshukia fundi cherehani wa namba nne, au mlinzi aliyejipangia godoro stoo ya nyuma. Ndiyo maana siku hizi sifukizi chumba kinachoshikana na makazi. Mzigo unatolewa, unapangwa mahali pa peke yake, unafunikwa turubai lisilopitisha gesi, pembeni unakandamizwa kwa mifuko ya mchanga, na unakaa siku zote zilizoandikwa kwenye lebo. Kwa joto letu la zaidi ya nyuzi 25 mara nyingi ni siku 5 au zaidi. Nimepoteza wateja kwa msimamo huu, wengine wakubwa, na wamempata mtu wa kuwafanyia kwa usiku mmoja. Usiku mmoja hauui mayai wala viluwiluwi vilivyo ndani ya punje. Unabakiza wadudu waliozoea dawa, kisha tunalalamika kuwa dawa za siku hizi ni feki.

Sasa swali lako la pili, ambalo wachangiaji wamelipita na mimi naliona kubwa kuliko yote. Ningepewa nafasi ya kuchagua nani abanwe kwanza kati ya anayepuliza na anayenunua na kuuza, ningesema wa dukani. Mpulizaji mmoja mzembe anaharibu nyumba moja kwa siku. Duka moja linalofungua kopo la vidonge na kuviuza kimoja kimoja kwenye karatasi ya daftari linapeleka sumu nyumba ishirini kabla ya adhuhuri, bila lebo, bila maelezo, na kidonge kimeshaanza kunywa unyevu tangu kopo lilipofunguliwa. Ufaransa wameliona hilo. Tangu agizo lao la mwaka 2013 wana cheti kinachoitwa Certibiocide, kinachodumu miaka 5, na hakimhusu anayepuliza peke yake. Anayenunua bidhaa za kitaalamu na anayeziuza nao wamo. Wale wa sumu za panya na wadudu wanakaa darasani siku 3. Huna cheti, duka halikupi bidhaa ya mtaalamu. Mpango wa namna hiyo ningependa niuone unafuatwa kwenye kaunta zetu, kila siku, si siku ya mkaguzi tu.

Maana hapa kwetu unajua hali ilivyo. Kijana anapita na kipaza sauti, dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, na mkononi ana chupa za maji ya kunywa zilizojazwa kimiminika cheupe. Hakuna anayejua kilichomo. Simlaumu kijana sana, anatafuta riziki. Namuuliza aliyemjazia zile chupa, ambaye kwa vyovyote ana duka na ana lebo.

Lebo ndiyo nusu ya mafunzo. Utafundishwa kusoma ule mkanda wa rangi chini yake: mwekundu ni sumu kali zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Utajifunza kupima bomba lako linatoa lita ngapi kwa eneo gani, kusuuza kopo mara tatu na kulitoboa ili asije mtu akalitekea maji, na kutambua mtu aliyeathirika na dawa za kundi la oganofosfeti: mate yanamtoka, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo. Kuhusu kunguni utaelewa kwamba dawa nyingi hazigusi mayai, kwa hiyo lazima urudi baada ya wiki mbili hivi, na mwenye gesti aambiwe hivyo mapema ili asikuone tapeli. Mengine kama ovaroli, gambuti na glavu hayana ugumu. Ila barakoa ya kitambaa haizuii gesi hata kidogo. Kwa fosfini unahitaji barakoa ya uso mzima yenye kanista yake, yaani kichujio cha gesi hiyo, na kipimo cha gesi cha kukuonyesha lini pako salama kuingia. Vitu hivyo ni ghali. Kama mtaji wako bado hauvifikii, anza na kupuliza wadudu wa nyumbani na uache ufukizaji kwanza.

Na yule mama mwenye gunia tano atakayesimama kaunta kwako kuomba vidonge, usimfukuze mikono mitupu. Muulize kama mahindi yamekauka na kama ameyapukuchua, kwani dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo bado kwenye gunzi. Muuzie dawa ya vumbi iliyosajiliwa, ile yenye pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi na pemethrini kwa ajili ya dumuzi, kwenye pakiti iliyofungwa, umwoneshe kipimo. Au muuzie mifuko ya PICS: mifuko miwili ya nailoni ndani ya mmoja wa kawaida, wadudu wanamaliza hewa wenyewe wanakufa, hakuna sumu kabisa. Bei yake inamshtua mtu mwanzoni, ila mfuko usipotoboka anautumia tena msimu unaofuata. Mimi kwangu nyumbani natumia hiyo.

Kuhusu mdogo wako, hapana. Cheti kina jina la mtu aliyekaa darasani akafanya mtihani, na mteja akidhurika ni yeye atakayeulizwa alipima nini na aliingia saa ngapi. Mpeleke naye asome. Kwa sasa aende na wewe, abebe turubai, apange mifuko ya mchanga, aandike kwenye daftari namba ya kopo, idadi ya vidonge na saa ya kufunga. Kopo lenyewe ulifungue wewe, na ufunguo wa stoo ya dawa ukae mfukoni mwako.