Maswali yenu: mbona antibayotiki imegoma kwa mgonjwa aliyelazwa?

Swali: Mgonjwa wetu kachomwa seftriaksoni siku kadhaa, homa iko palepale. Ndo mwili umezoea dawa?

Hapana, mwili hauzoei chochote, aliyekuwa sugu ni bakteria. Iko hivi, penisilini, amoksilini na hiyo seftriaksoni zote ni ukoo mmoja, kwenye molekuli zao kuna pete ndogo ya atomi nne na nguvu yote ya dawa iko hapo, sasa bakteria kama E. koli na Klebsiella wanatengeneza vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vinaitwa beta-laktamesi vinavyoipasua hiyo pete, basi dawa imekwisha kazi kabla haijamfanya bakteria kitu. Ila homa kutoshuka kuna sababu nyingine pia, muulizeni daktari kama kipimo cha kuotesha bakteria maabara kimefanyika.

Swali: Si ni watu kumeza dawa ovyo tu?

Ovyo inachangia sana ila haikuvianzisha vimeng'enya hivi. Watafiti Abraham na Chain waliripoti kimeng'enya cha kuharibu penisilini mwaka 1940, kabla dawa yenyewe haijasambaa mahospitalini! Tunachofanya sisi ni kuua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wabishi.

Swali: Majibu ya maabara yameandikwa ESBL. Ni ugonjwa gani?

Sio ugonjwa, ni beta-laktamesi za wigo mpana, zinavunja mpaka sefalosporini za kizazi cha tatu (kundi la antibayotiki), seftriaksoni ikiwemo. Kama maambukizi ni makali madaktari wengi wanahamia meropenemu, antibayotiki nyingine.

Swali: Na meropenemu ikigoma?

Hapo ndo pagumu. Kuna vimeng'enya vinaivunja nayo, mfano KPC na NDM-1, hiyo NDM-1 ilitambuliwa kwa mgonjwa aliyerudi Sweden baada ya kutibiwa India, ikaripotiwa 2009. Inafanya kazi kwa msaada wa zinki, kwahiyo asidi ya klavulaniki, ile inayochanganywa na amoksilini kuzuia beta-laktamesi, kwake haifui dafu. Dawa zinazobaki ni chache na nyingine kama kolistini zinaweza kuumiza figo.

Swali: Wa kitanda cha pili anaweza kuambukizwa?

Ndiyo, mara nyingi kwa mikono yetu, au vifaa kama mpira wa mkojo. Alafu jeni za vimeng'enya hivi nyingi zimekaa kwenye plasmidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria wanapeana, hata Klebsiella anampa E. koli. Nawa kabla na baada ya kumgusa mgonjwa wako, na muulize nesi kila siku kama ule mpira bado unahitajika.