Kuvu rafiki na muhogo unaoozea ardhini

SWALI: Shamba langu lipo bondeni, Mtama, mkoani Lindi. Ni msimu wa pili sasa muhogo unaoza mizizi kabla sijavuna, hasa pale maji yanapotuama. Muuza pembejeo amenishauri ninunue unga wa kuvu iitwayo trikoderma. Je, kuvu inaweza kutibu kuvu?

JIBU: Ndugu msomaji, kuzuia inaweza, ila kutibu si kazi yake. Kabla hujatoa fedha, ng'oa mashina machache ukate mizizi kwa kisu. Ukiona mzizi ni mzima kwa nje ilhali nyama yake ina mabaka makavu ya kahawia, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao husababishwa na virusi na huenezwa na inzi weupe na mbegu zenye maradhi, na hakuna kuvu itakayouondoa. Hapo tafuta pingili safi za mbegu inayostahimili. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, watakuelekeza.

Lakini mzizi ukiwa umelainika, unatoa maji na kunuka, huenda wahusika ni vimelea vya udongoni, na hapo trikoderma ina nafasi. Kuvu hii huwahi kutawala udongo unaozunguka mizizi, ikala chakula ambacho vimelea vingekula, ikajisokota kwenye nyuzi za kuvu adui na kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta zake. Kwa hiyo huwekwa mapema: ichanganye na samadi iliyooza vizuri na yenye unyevu, kisha uitie ndani ya tuta siku ya kupanda, mvua zikiwa zimeshalowanisha udongo. Mzizi uliokwisha kuoza hauponi.

Kwa kuwa kwetu muhogo hupandwa sana kati ya mikorosho, kumbuka kwamba salfa tunayopuliza dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, nayo ni dawa ya kuua kuvu, hivyo usiichanganye na unga huo. Kagua kama bidhaa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na muda wake haujapita, kwa maana unanunua viumbe hai, na pakiti iliyokaa miezi kadhaa chini ya bati la moto huenda imebaki unga mtupu.

Mimi ningeanza na jembe: chimba mfereji, inua matuta, ondoa mabaki yote yaliyooza, na kwenye kipande ambacho maji hayatoki kabisa panda mpunga.