Kabla hujamwomba muuzaji wa Uingereza akupunguzie bei

Mtu aliyezoea kununua bidhaa Kongowea au Kariakoo anajua kwamba bei inayotajwa mwanzo si neno la mwisho. Muuzaji akisema elfu kumi, mteja husema elfu saba. Muuzaji akikataa, mteja hujifanya anaondoka, kisha hurudi na kulipa elfu kumi zile zile bila mtu yeyote kuona ajabu. Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wa Mombasa na wa bara barua za kuagiza mitambo na vipuri kutoka Uingereza, na nimeshuhudia desturi hii ikiwaponza watu makini na waaminifu. Chini ya sheria ya mikataba ya Uingereza, mteja anayetaja bei yake mwenyewe huhesabiwa kuwa amelikataa pendekezo la muuzaji, na pendekezo lililokataliwa halifufuki kwa sababu mteja amebadili mawazo.

Shauri linalotajwa kila mara juu ya jambo hili ni la Hyde dhidi ya Wrench, la mwaka 1840. Tarehe 6 Juni, Wrench alipendekeza kumuuzia Hyde shamba lake kwa pauni 1,000. Hyde akajibu kwamba atatoa pauni 950. Wrench akaomba muda wa kufikiri, na tarehe 27 Juni akaandika kwamba bei hiyo haikubali. Siku mbili baadaye Hyde akaandika tena, safari hii akisema kwamba anazikubali zile pauni 1,000 za mwanzo. Wrench hakutaka tena kuuza, Hyde akaenda mahakamani kudai kwamba mkataba ulikuwa umekwisha kufungwa, na akashindwa. Angalia kwamba Wrench hakuwahi kuandika kuwa ameliondoa pendekezo lake. Hakuhitaji kufanya hivyo, kwa maana Hyde mwenyewe alikuwa ameliua siku aliyotaja pauni 950. Kuanzia siku hiyo, pendekezo pekee lililokuwa hai lilikuwa la Hyde, na mwenye uwezo wa kulikubali au kulikataa alikuwa Wrench.

Nimemwona mteja akipatwa na jambo hilo hilo kwa trekta lililotumika. Muuzaji alimpa bei kwa maandishi, mteja akajibu usiku ule ule kwa simu yake kwamba atalichukua iwapo bei itapunguzwa kidogo, kisha akaanza kutafuta fedha za bei kamili huku akiamini kwamba mlango uko wazi. Alipoandika kwamba anakubali bei ya kwanza, trekta lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Alikuja kwangu akitaka kudai haki yake, na ilinibidi nimweleze kwamba, kwa sheria ile, hakukuwa na haki ya kudai.

Hii haimaanishi kwamba mtu anyamaze na kulipa chochote anachoambiwa. Njia ipo, nayo ni kuuliza badala ya kutaja. Mwaka 1880 mahakama iliamua shauri la Stevenson, Jaques na wenzao dhidi ya McLean, lililohusu chuma kilichopendekezwa kuuzwa kwa shilingi 40 kwa tani, fedha taslimu. Wanunuzi walipeleka simu ya maandishi, yaani telegramu, kuuliza kama muuzaji angekubali bei hiyo hiyo huku chuma kikipelekwa kwa muda wa miezi miwili, au kama sivyo, awaambie muda mrefu kabisa anaoweza kuwapa. Muuzaji aliichukulia simu ile kuwa ni kukataa, akamuuzia mtu mwingine, lakini kabla habari hiyo haijawafikia, wanunuzi walikuwa wamekwisha kupeleka jibu la kukubali. Mahakama ikaamua kwamba walikuwa wameuliza tu, hawakukataa, na kwa hiyo mkataba ulikuwepo.

Kwa sababu hiyo, kila barua ninayomwandikia mteja wa namna hii huanza kwa kusema wazi kwamba bado tunalizingatia pendekezo na kwamba hatujalikataa. Baada ya hapo ndipo ninapouliza kama kuna uwezekano wa punguzo, au wa kulipa kwa awamu. Sitaji kiasi chochote isipokuwa mteja amekwisha kuamua kwamba yuko tayari kuikosa bidhaa ile kabisa. Wengine huona huu ni woga. Kwangu mimi, mtu aliyelifikiria jambo lake atapunguziwa bei kwa swali zuri sawasawa na ambavyo angepunguziwa kwa ubishi, na pendekezo litabaki mkononi mwake.

Ni lazima pia kuhakikisha kwamba kuna pendekezo lenyewe. Tangazo, orodha ya bei, au bidhaa iliyowekwa dirishani na bei yake kwa kawaida ni mwaliko tu wa kuanza mapatano. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 1960 katika shauri la Fisher dhidi ya Bell, kuhusu kisu kilichowekwa kwenye dirisha la duka mjini Bristol. Ukijibu tangazo kwa kuandika kwamba unakubali, hujafunga mkataba wowote. Wewe ndiye uliyependekeza, na muuzaji yu huru kukukatalia.

Jambo ambalo wateja wangu hulipokea kwa uchungu zaidi ni ahadi ya kusubiri. Muuzaji anaandika kwamba bei hii ni yako hadi Ijumaa, na mteja analala usingizi. Katika shauri la Dickinson dhidi ya Dodds, Dodds alipendekeza kuuza nyumba zake kwa pauni 800 na kuahidi kwamba pendekezo litabaki wazi hadi saa tatu asubuhi ya Ijumaa, tarehe 12 Juni 1874. Alhamisi akamuuzia mtu mwingine. Dickinson alipata habari hiyo kutoka kwa mtu wa tatu kabla hajajibu, na Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 1876 kwamba hakuwa na mkataba, kwa kuwa ahadi ile ya kusubiri haikulipiwa kitu chochote. Ukihitaji siku kadhaa za kutafuta mkopo wa benki, toa fedha kidogo kwa ajili ya subira hiyo pekee, na iandikwe hivyo. Hata pauni moja inatosha kuifanya ahadi imfunge muuzaji, kwa sababu mahakama za Uingereza hazipimi kama kilicholipwa kinalingana na kilichoahidiwa. Muuzaji akikataa, jibu mapema.

Na unapojibu kwamba unakubali, kubali kama lilivyo pendekezo, bila kuongeza sharti la usafirishaji, la sarafu au la dhamana ambalo halikuwamo, kwa sababu sharti jipya hugeuza jibu lako kuwa pendekezo lingine. Kisha hakikisha limefika. Kanuni ya zamani ya posta, iliyoanzia katika shauri la Adams dhidi ya Lindsell mwaka 1818, huhesabu kwamba mkataba umefungwa pale barua inapotiwa posta. Lakini kwa teleksi, mtambo wa zamani wa kupelekeana maandishi papo hapo kwa waya, tangu shauri la Entores mwaka 1955, jibu la kukubali huhesabiwa pale linapomfikia mwenye pendekezo, na ni busara kuichukulia baruapepe vivyo hivyo. Mimi huomba uthibitisho wa maandishi siku hiyo hiyo, na nisipoupata hupiga simu.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba haya yanamhusu tu anapovusha fedha baharini, kwa maana Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, imeifanya sheria ya mikataba ya Uingereza kuwa msingi wa mikataba ya Kenya tangu mwaka 1961. Tanzania Bara ina sheria yake iliyoandikwa, Sura ya 345, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, nayo pia inataka jibu la kukubali liwe kamili na lisilo na masharti. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayeandika "nakubali, ila" anapaswa kujua kwamba bado hajakubali kitu.