Shangazi Nisaidie: Karo ya Chuo Itatoka Wapi?

Wiki hii meseji karibu zote ni za karo. Nimechagua nne maana nyingi zinafanana, na mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

*

*Salaam aleikum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza viazi karai na mahamri hapa Likoni karibu na feri. Kijana wangu kapata B- na KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, wamempeleka chuo cha serikali hapahapa Mombasa. Tumeomba pesa kule HEF, ule mtandao wa serikali wa kuombea pesa za chuo, tukaletewa jibu yuko bendi ya 5. Mtoto wa jirani, babake ana kazi ya mshahara, yuko bendi ya 2. Mume wangu alifariki 2019. Kijana sekondari alisoma skuli ya praiveti, ammi yake wa Muscat ndiye alikuwa analipa, sasa ammi mwenyewe karudi hana kazi. Nimekosea wapi? Au mtoto aache chuo akatafute kazi?*
Mama wa Likoni

Waaleikum salaam mamangu. Kwanza mtoto asiache chuo, hilo tuliweke kando kabisa, halafu tukae tuzungumze.

Tangu 2023 serikali ilibadilisha mambo, zamani ilikuwa inapeleka pesa chuoni kwa kila mwanafunzi, siku hizi gharama ya kozi inakatwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ufadhili, hiyo ni pesa ya bure hairudishwi. La pili ni mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, huo utalipwa. La tatu ni la familia, lazima mtoe wenyewe. Bendi ndiyo inaamua kila fungu ni kubwa kiasi gani. Tuseme kozi ni 200,000 kwa mwaka, nachukua hesabu nyepesi tu ili tuelewane. Bendi ya 1 anapata ufadhili asilimia 70, yaani 140,000, mkopo 50,000 na familia inatoa 10,000. Bendi ya 5 ufadhili ni asilimia 30, yaani 60,000, mkopo 60,000, na familia inatakiwa itoe 80,000. Elfu themanini mamangu! Na hiyo bendi ya 5 kwa hesabu ya serikali ni nyumba inayoingiza zaidi ya 120,000 kwa mwezi. Sasa wewe na karai yako utaipata wapi.

Nikisoma barua yako naona mambo mawili ambayo nafikiri ndiyo yamekuponza. Ile fomu haiji Likoni kukuona ukimenya viazi saa kumi alfajiri, inasoma yale mliyoandika tu, na kati ya vitu inavyoangalia ni hali ya wazazi, ukubwa wa familia, ulemavu, kozi yenyewe, na mtu anatoka sehemu gani. Skuli ya praiveti ukiiandika hivihivi bila maelezo inasomeka kama nyumba yenye pesa. Ndio maana wanaomba barua ya mfadhili kwa mtoto aliyelipiwa na mtu mwingine. Mlituma? Kama hamkutuma basi kwa macho yao aliyelipa ile karo ni wewe. La pili ni cheti cha kifo cha marehemu mumeo, kama hakikupandishwa basi kwao huyo baba yuko hai na pengine anafanya kazi.

Kwa hivyo fanyeni rufaa, inafanywa kulekule kwenye akaunti ya kijana ya HEF, lakini dirisha lake lina mwisho, msingoje. Ammi aandike barua aseme ndiye alikuwa analipa kuanzia kidato fulani mpaka fulani na sasa hana kazi, skuli nayo itoe barua yake kuthibitisha, halafu cheti cha kifo, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya wale wadogo watatu, na barua ya chifu. Cheti cha kifo kama hamna, hilo ndilo la kuanza nalo kesho asubuhi maana linachukua muda. Na mtandao ukiwasumbua nendeni Huduma Centre pale posta, HELB wana meza yao, mtasaidiwa bila kulipa mtu wa saiba.

Nikwambie kitu kilichonipata mimi. Mwaka wa kwanza wa binti yangu nilipeleka fomu ya basari kwa ofisi moja, yule aliyeipokea akaiangalia akaiweka juu ya rundo hakusema neno, nikarudi nyumbani nimefurahi. Miezi mitatu baadaye naambiwa fomu yako haikuwa na muhuri wa chuo, iliwekwa kando. Nililia palepale kwenye benchi. Tangu siku hiyo nina bahasha ya kaki, ndani kuna fotokopi 5 za kila karatasi, barua ya chuo kumwita mtoto, muundo wa karo, namba ya akaunti ya chuo, vitambulisho, na kila ninapopeleka fomu natoka na nakala imepigwa muhuri "imepokelewa" na tarehe. Fanya hivyo mamangu, hata wakikuangalia vibaya.

Rufaa ikiendelea kijana aripoti chuo. Aende ofisi ya fedha na ya mkuu wa wanafunzi na barua, aombe kulipa kidogokidogo. Vyuo vingi hukubali mtu aliyekuja mapema na maandishi, wanaokwama ni wale wanaojificha mpaka wiki ya mtihani. Basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, ya Likoni na ya kaunti kupitia wadi yako ombeni zote mbili, ni ofisi tofauti. Pesa zake huandikwa kwa jina la chuo, na mara nyingi huchelewa, kwa hivyo msizihesabu kabla hazijaingia.

Na mtu akikuambia mpango huu wa bendi ulikatazwa na mahakama, ni kweli Mahakama Kuu Desemba 2024 ilisema unakiuka katiba, lakini serikali ilikata rufaa na wanafunzi waliendelea kuomba kama kawaida. Asilimia zinaweza kubadilishwa, kuomba usiache.

*

*Shangazi shikamoo. Niko bendi ya 2, nimepata ufadhili na mkopo. Babangu amekataa katakata kwa sababu mkopo una riba, anasema bora nikae nyumbani. Mimi namheshimu na pia nataka kusoma. Nifanyeje?*
Kijana wa Kisauni

Marahaba mwanangu. Babako usigombane naye, anakutakia heri ya dunia na akhera. Mimi si sheikh, fatwa sitoi, hilo mtamuuliza imamu wenu nyinyi wawili mkiwa pamoja, na ni bora mwende na hesabu mkononi kuliko kwenda na hasira.

Hesabu ni hii. HELB inatoza asilimia 4 kwa mwaka. Tuchukue tena kozi ya 200,000. Bendi ya 2 ufadhili ni asilimia 60 yaani 120,000, mkopo wa karo 60,000, familia 20,000. Juu yake kuna pesa ya matumizi 55,000 kwa mwaka, na hapa nataka ufungue macho, ile pesa inayoingia kwako ya kula na kupanga chumba nayo ni mkopo! Vijana wengi wanaiona kama zawadi. 60,000 na 55,000 ni 115,000, mara miaka minne ni 460,000. Asilimia 4 ya hiyo ni 18,400 kwa mwaka. Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja wa kupumua kisha unaanza kulipa, na usipolipa faini ni 5,000 kila mwezi, tena jina linaweza kupelekwa CRB, kule wanakoorodheshwa wasiolipa mikopo.

Lakini mwanangu mbona mnalikataa lote? Ufadhili na mkopo ni maombi mawili tofauti. Ile 120,000 haina riba kwa sababu haina deni, ni haki yako uliyoipata kwa jasho la kusoma. Unaweza kuchukua ufadhili ukauacha mkopo. Hapo kwa mfano wetu mnabaki na pengo la 60,000 na fungu lenu la 20,000, jumla 80,000 kwa mwaka, yaani 40,000 kila muhula, na chakula na nauli juu yake. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea babako. Muulize, "Baba tukiacha mkopo hii 40,000 tutaitoa wapi?" Ukimuuliza hivyo umemfanya mwenzako katika kutafuta, si mtu wa kukuzuia.

Na za kutafuta zipo. Basari mbili nilizozitaja juu. Karadha hasana ndani ya ukoo, shangazi na wajomba kila mmoja akopeshe kidogo bila ziada, lakini iandikwe kwa karatasi na mashahidi kama dini yenyewe ilivyoamrisha deni liandikwe. Kamati ya msikiti wenu ulizeni, zaka inaweza kumfikia mwanafunzi mhitaji. Halafu kuna Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, tangu 1983 imekuwa ikisomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi ambazo si wanachama, Kenya ikiwemo, na utaratibu wake wa miaka mingi ulikuwa hasa huu wa kukopesha bila riba, mtu akimaliza anarudisha kwa mfuko wa jamii ili mwengine asome. Nafasi ni chache na hupendelea kozi za sayansi, udaktari na uhandisi, wewe angalia tangazo lao kila mwaka wanapofungua. Chuoni nako uliza kazi za wanafunzi, maktaba, jikoni, maabara, mkuu wa wanafunzi ndiye mwenye habari. Kama chuo kiko karibu lala nyumbani, matatu kila siku inachosha lakini kodi ya chumba ndiyo inamaliza watu.

Na kama baada ya yote imamu na babako wakaona kuna dharura ukachukua mkopo, chukua wa karo peke yake ukiweza. Wapo vijana nawajua waliolipa karo yote kwa njia nyingine wakachukua mkopo wa matumizi wakanunua simu kubwa, mpaka leo wanaulipa.

*

*Nimepata C- sina pesa. Kuna koleji ya praiveti mjini wameniita diploma wanasema HELB watanilipia. Ni kweli?*
Wa Mikindani

Usilipe hata shilingi ya fomu kwanza. Ufadhili wa serikali ni wa waliopangwa na KUCCPS kwenye vyuo vya umma. C- inakuingiza diploma kwenye vyuo vya ufundi vya umma, na hapa kwetu tuna Kenya Coast National Polytechnic, omba kupitia KUCCPS halafu HEF kama wenzako wa yunivasiti. Wale waliokuita waambie wakuandikie hiyo ahadi kwa barua yenye muhuri, uone kama watakuandikia. Na diploma usiione ndogo. Hiyo TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ya Tudor unayoiona ilianza kama chuo cha ufundi cha Waislamu, ikawa Mombasa Polytechnic 1972, yunivasiti imekuwa 2013 tu, na mafundi waliotoka pale ndio wameendesha mitambo ya mji huu miaka yote.

*

*Shangazi, binti yangu amekubaliwa chuo kimoja Marekani, wamempa dola 20,000 kila mwaka. Kuna ajenti anataka 30,000 za Kenya amjazie FAFSA apate zilizobaki. Nimpe?*
Baba wa Mji wa Kale

Usimpe kaka yangu. FAFSA ni fomu ya kuomba msaada wa karo wa serikali ya Marekani, kuijaza ni bure kwa kila mtu, na pesa zake ni za raia wa Marekani na wachache wenye hadhi maalum kule. Binti mwenye pasi ya Kenya hazimhusu, huyo ajenti ama hajui ama anajua sana.

Pesa za mwanafunzi mgeni kwa kawaida hutoka kwa chuo chenyewe. Sasa ile barua yao isome taratibu, tafuta gharama ya mwaka mzima pamoja na chumba, chakula, bima na vitabu. Wakiandika jumla ni dola 52,000, basi ukitoa 20,000 unabaki na 32,000, ni zaidi ya shilingi milioni 4 kila mwaka kwa miaka minne, na kabla ya viza chuo kitataka kuona karatasi za benki kwamba pesa ya mwaka wa kwanza ipo. Kazi atakayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, ni ya sabuni na vocha, haifuti deni kama hilo. Angalia pia zile dola 20,000 ni zawadi au ndani yake kuna mkopo, na zina sharti gani la alama, maana alama zikishuka zinaweza kuondolewa.

Binti aandike barua kwa ofisi yao ya misaada ya fedha aseme wazi familia inaweza kutoa kiasi gani, aombe waangalie tena. Hilo halina aibu, kule ni kawaida. Wakikataa aombe nafasi yake iwekwe mwaka mmoja, na katika mwaka huo aombe vyuo vinavyotoa msaada kamili kulingana na uhitaji hata kwa wageni. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii uwezo wa kulipa wakati wa kuchagua, ni vigumu kuingia lakini akiingia mtoto wa Mji wa Kale anasoma. Vingi vya aina hiyo hutumia fomu inayoitwa CSS Profile. Ubalozi wa Marekani Nairobi una washauri wa EducationUSA, hawatozi kitu, waandikie kabla hujamwona ajenti mwengine. Na hizo 30,000 zikae, binti atazihitaji kwa mitihani na nauli ya Nairobi.