Je, nukta mkato imepitwa na wakati?

SWALI: Ndugu Mhariri, kazi yangu ni kuandaa ripoti na kumbukumbu za vikao. Msimamizi wangu ameondoa kila nukta mkato katika rasimu yangu ya mwisho, akaweka nukta au mkato mahali pake, akaeleza kwamba alama hiyo imepitwa na wakati. Je, ni kweli? Na ni makosa gani ya uakifishaji ambayo ninyi wahariri mnayakuta mara nyingi zaidi, ili nami niyaepuke?

JIBU: Ndugu msomaji, msimamizi wako yuko sahihi kwa sehemu. Nukta mkato, ambayo wengine huiita semikoloni, inatumika kwa uchache mno ukilinganisha na zamani. Lakini kazi yake haijapata alama nyingine ya kuifanya, na ukiiondoa kila mahali bila kuangalia, kuna sentensi zitakazobaki na maana mbili.

Alama hii iliingia katika vitabu vya kupigwa chapa mwishoni mwa karne ya 15, mjini Venice, kupitia kwa mchapishaji Aldus Manutius, ikiwa kituo kirefu kuliko cha mkato na kifupi kuliko cha nuktambili. Wakati ule maandishi mengi yalisomwa kwa sauti, na vituo vilimwongoza msomaji mahali pa kuvuta pumzi. Kadiri usomaji wa kimya ulivyoenea, vituo viligeuka kuwa alama za sarufi, na sentensi zenyewe zikafupishwa. Vitabu vya Kiingereza vya karne ya 18 vimejaa nukta mkato. Kufikia karne ya 20, George Orwell aliandika riwaya nzima, iliyotoka mwaka 1939, akiwa ameamua kutoitumia hata mara moja. Simu za leo zimeongeza uzito upande huohuo, kwa kuwa nukta na mkato vipo kwenye kibao cha kwanza cha herufi ilhali nukta mkato imefichwa kwenye kibao cha alama. Wanaoiandika kila siku bila kuikosa ni watengenezaji wa programu, kwa maana katika lugha za kompyuta kama C na Java karibu kila amri hufungwa kwa nukta mkato, na ikikosekana programu hukataliwa.

Kiswahili kina sababu yake ya ziada ya kuihitaji kidogo, nayo imo ndani ya kitenzi. Tazama sentensi hii: “Mwenyekiti alifika, akasoma ajenda, akafungua mjadala.” Mkato unatosha kabisa, kwa sababu kiambishi -ka- kimekwisha kulifunga kila tendo kwenye lile lililolitangulia. Mwandishi wa lugha isiyo na kiambishi cha namna hiyo hulazimika kuchagua kati ya viunganishi na vituo vizito. Sisi tunaweza kupanga matendo kumi kwa mikato mitupu na sentensi isilegee. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba sentensi ndefu ya Kiswahili ni lazima iwe na nukta mkato.

Sasa badilisha kidogo: “Mwenyekiti alifika saa tatu, wajumbe walifika saa tano.” Hapa hakuna -ka-. Kila kitenzi kina nafsi yake na wakati wake, na kila upande ungeweza kusimama kama sentensi kamili. Mkato hauna nguvu ya kuzishika sentensi mbili kamili zisizo na kiunganishi, na hili ndilo kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote katika ripoti. Njia za kulirekebisha ni kadhaa. Unaweza kuweka nukta, lakini msomaji atapokea taarifa mbili zilizotengana, na ule ulinganishi wa saa tatu na saa tano utafifia. Unaweza kuongeza kiunganishi: “Mwenyekiti alifika saa tatu, lakini wajumbe walifika saa tano.” Hapo umeshatoa hukumu, kwa kuwa “lakini” inadokeza kwamba wajumbe walichelewa, na huenda walialikwa kwa saa hiyohiyo ya tano. Ukiandika “Mwenyekiti alifika saa tatu; wajumbe walifika saa tano,” umeziweka taarifa bega kwa bega, ukamwachia msomaji azipime mwenyewe. Katika kumbukumbu za kikao, ambamo mwandishi hatakiwi kuegemea upande, tofauti hiyo si ndogo.

Kipimo ninachokipendekeza ni kukitazama kitenzi cha pili. Kikiwa na -ka- au -ki-, au kikianza kwa ku- ya kitenzi-jina, mkato hutosha. Kikiwa kimesimama kwa miguu yake bila kiunganishi, chagua kati ya nukta na nukta mkato. Ujihadhari hasa na maneno kama “hata hivyo” na “kwa hiyo”, ambayo waandishi huyachukulia kama kwamba yana nguvu sawa na “lakini”. “Bajeti ilipitishwa, hata hivyo fedha hazikutolewa” ina mkato uliobebeshwa mzigo usio wake, iandikwe “Bajeti ilipitishwa; hata hivyo, fedha hazikutolewa.” Kinyume chake pia ni kosa: “Kwa kuwa fedha zilichelewa; kazi ilisimama” haikubaliki, maana upande wa kwanza ni tegemezi na unastahili mkato tu.

Kazi ya pili ya nukta mkato ni kupanga orodha ambayo vipengele vyake vina mikato ndani yake, na hapa sioni mbadala wowote ulio mzuri. Msomaji wa sentensi “Walihudhuria Asha, mhasibu mkuu, Juma, mwanasheria, na katibu” hawezi kujua kama waliohudhuria ni watu watatu, wanne au watano. Iandike “Walihudhuria Asha, mhasibu mkuu; Juma, mwanasheria; na katibu,” na wanakuwa watatu bila ubishi. Ndiyo maana sheria na mikataba bado hufunga aya zake ndogo, (a), (b) na (c), kwa nukta mkato.

Mfano mzito kuliko yote ninaoujua unatoka katika sheria ya kimataifa. Mkataba wa London wa tarehe 8 Agosti 1945, uliotiwa saini na Marekani, Uingereza, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, ulianzisha mahakama ya kijeshi iliyokuja kuwahukumu viongozi wa Ujerumani ya Kinazi mjini Nuremberg. Kifungu cha 6(c) cha hati ya mahakama hiyo kilifafanua uhalifu dhidi ya ubinadamu. Katika matini ya Kiingereza na ya Kifaransa, nukta mkato ilitenganisha sehemu mbili: ya kwanza ilitaja mauaji, uangamizaji, utumwa na matendo mengine ya kikatili dhidi ya raia, kabla ya vita au wakati wa vita; ya pili ilitaja mateso kwa misingi ya siasa, rangi au dini, pamoja na sharti la kuhusiana na uhalifu mwingine ulio chini ya mamlaka ya mahakama. Matini ya Kirusi ilikuwa na mkato mahali hapohapo. Kwa nukta mkato, sharti hilo liliweza kusomwa kuwa linaihusu sehemu ya pili peke yake. Kwa mkato, lilizihusu zote. Tarehe 6 Oktoba 1945, nchi zilezile nne zilitia saini itifaki mjini Berlin, nukta mkato ikafutwa na mkato ukawekwa. Katika hukumu yake ya mwaka 1946, mahakama ilieleza kwamba haiwezi kutamka kwa ujumla kuwa matendo yaliyotangulia vita yalikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa maana ya hati hiyo, kwa kuwa uhusiano uliotakiwa haukuthibitishwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba uakifishaji ni pambo.

Nije kwenye makosa mengine. Lililoenea zaidi, hata katika habari zinazochapishwa, ni kutenga kiima na kitenzi chake kwa mkato: “Mkutano uliopangwa kufanyika wiki ijayo, umeahirishwa.” Najua linakotoka: kiima kikiwa kirefu, msemaji hutua kidogo, na mwandishi huandika kituo alichokisikia. Lakini kiambishi u- katika “umeahirishwa” kimekwisha kumrudisha msomaji kwenye “mkutano”, kwa hiyo mkato unavunja kilichounganishwa. Uondoe. Ukitaka kuchomeka maelezo katikati, weka mikato miwili, kama katika “Mkutano, kama ilivyotangazwa jana, umeahirishwa”. Ukiweka mmoja tu, umelirudia kosa lilelile. Yambwa iliyotangulizwa ni suala jingine: “Ripoti hiyo, mkurugenzi ameisoma” ni sahihi, kwa sababu “ripoti” si kiima hapo.

Kosa la ndugu yake ni mkato baada ya “kwamba” au “kuwa”: “Waziri alisema kwamba, mradi utaendelea.” Neno “kwamba” huufungua usemi unaofuata, na hakuna sababu ya kumsimamisha msomaji mlangoni.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwenye amba-, kwani mikato hubadilisha maana nzima. “Wafanyakazi ambao hawakusaini mkataba hawatalipwa” inawanyima malipo baadhi tu, yaani wale wasiosaini. “Wafanyakazi, ambao hawakusaini mkataba, hawatalipwa” inasema kwamba hakuna aliyesaini na hakuna atakayelipwa. Sijui kosa la uakifishaji linaloweza kuzua ugomvi ofisini haraka kuliko hili.

Yaliyobaki ni mepesi. Swali la taarifa halina alama ya kuuliza, hivyo “Aliuliza kama ripoti ilikuwa tayari” huishia kwa nukta. Usiache nafasi kabla ya mkato au nukta. Iache baada yake. Ritifaa ya ng’ isidondoshwe, maana sauti ya “ng’ombe” si ile ya “ngoma”.

Kuhusu rasimu yako, irudie sentensi kwa sentensi. Mahali ambapo msimamizi wako ameweka nukta na maana haikupungua, mkubalie. Mahali ambapo ameweka mkato kati ya sentensi mbili kamili, au ndani ya orodha yenye majina na vyeo, mwonyeshe sentensi hiyo ikiwa imeandikwa kwa namna zote mbili, kisha umwombe ataje ni watu wangapi waliohudhuria.